Mikwaruzo Ndani ya Silinda

Tangu tumzike baba, kila anayekuja kutupa pole ana neno lilelile: marehemu alikuwa fundi mkweli. Majirani wa Sombetini wanasema, wenzake wa msikitini wanasema, hata wapasua mbao wazee walioshuka kutoka mlimani na makoti yao mazito wamekaa kwenye mkeka wetu wakasema fundi wao hakujua uongo. Mimi naitikia, nawamiminia chai. Lakini siku tulipogawana vitu vyake, kaka yangu alinipa kopo la bati, na ndani yake mlikuwa na kipande cha msasa kilichokunjwa kwa kipimo cha kidole cha mtoto. Nilitoka nikaenda kujifungia chooni. Kaka alidhani namlilia baba, na sikumrekebisha.

Wenzangu mnaokumbuka foleni za sukari, bila shaka mnakumbuka pia jinsi maduka yalivyojaa kwa mara moja, kama vile mtu amefungua bomba. Mama yangu alikuwa akipika sabuni uani na kuuza mtaa mzima. Ghafla zikaingia sabuni za rangi rangi zenye harufu ya maua, na ya mama ikakosa wa kuigusa. Kostiki aliyokuwa akipikia, yale magadi makali yanayounguza ngozi, ikabaki kwenye ndoo yenye mfuniko, na baba akaihamishia kwenye banda lake la kazi. Kwa wiki nzima mama alituogesha kwa hasira.

Huko mlimani nako mambo yaligeuka. Kahawa haikumlisha tena mtu, watu wakaanza kung'oa mibuni na kukata migrevilea iliyokuwa ikiitia kivuli, na mjini kila mwenye kiwanja alitaka mbao. Zamani gogo lilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni, wakivutana kutwa nzima. Sasa zikaja chenso, misumeno ya mashine inayobebwa na mtu mmoja, zikinguruma kutwa kuanzia juu kabisa hadi kwenye lami. Zilikuja nyingi, na waliozinunua hawakuzijua. Ndiyo maana baba yangu, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akitengeneza baiskeli na pampu za maji, akawa fundi wa chenso, na banda letu likanuka petroli usiku na mchana.

Niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Chenso haina mahali pake pa kuwekea oili ya injini kama gari. Oili yake huchanganywa humo humo kwenye petroli, kwa kipimo. Ukiipa petroli kavu itanguruma vizuri tu kwa muda, kisha pistoni inapata moto, inavimba, inaung'ang'ania ukuta wa silinda na kuacha nyama yake pale. Nyama ni neno la baba. Ukichungulia unaona ukuta uliokuwa laini umejaa michirizi myeupe kutoka juu hadi chini. Baba alikuwa akifunga kitambaa kwenye kijiti, anakichovya kwenye kostiki ya mama, anapaka michirizi tu, kwa uangalifu, na ile nyama ya pistoni inachemka povu jeusi na kutoka, huku ukuta wenyewe, ambao una ngozi ngumu, ukibaki. Akishaosha kwa maji mengi hubaki kazi ya msasa. Na hapo mkono wake haukuingia, kwa sababu silinda ile haifunguki juu. Lazima uingie kwa chini. Mkono wangu uliingia.

Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu. Kaka zangu walikuwa wakicheza mpira, mimi nakaa kwenye kigoda nikiwa na silinda mapajani, kidole kimevishwa msasa na oili, nasugua kwa kukatisha, huku na huku, kama baba alivyonifundisha. Kila baada ya muda anauliza kazi imefikia wapi, nami napitisha ukucha kwenye ukuta. Ukucha ukikwama, bado. Ukiteleza, tayari. Wateja walicheka kuona binti mwenye vidole vyeusi kuliko vya fundi, na mmoja wao, Anaeli, alikuwa akiniamkia kwa heshima zote, "Habari za kazi, fundi mkubwa," halafu anamgeukia baba na kumwita fundi mdogo.

Anaeli alikuwa mwendesha chenso ya Mzee Eliakimu, mtu wa mashamba na lori huko juu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, hawezi kukaa bila kushughulisha mikono. Akiisubiri mashine yake inolewe mnyororo, yeye anatoa chujio la hewa na kulisugua kwa mswaki aliokuwa akitembea nao mfuko wa shati, mswaki wa kazi hiyo tu, akisema bibi harusi hafunikwi shela chafu. Tulimpenda. Alitusimulia jinsi bosi wake alivyokuwa akiifungia oili stoo na kuchanganya petroli kwa mkono wake mwenyewe kila asubuhi, akiamini vibarua watakunywa oili kama togwa. Anaeli aliigiza mzee anavyomimina, tone, tone, halafu anafunika chupa kabla hata haijainama vizuri. Baba alicheka mpaka akakohoa, ila alimwambia awe mwangalifu.

Halafu chenso ile ikaja bila Anaeli. Aliileta Mzee Eliakimu mwenyewe kwenye pikapu, imefungwa kwenye gunia, na mnyororo wake bado una maganda ya mti. Watu wazima wakasema kwa sauti ya chini maneno ambayo mtoto huokota nusu nusu. Niliyoyaokota ni haya: mti ulikuwa umekatwa nusu, chenso ikakamata ndani ya mti ikazima, Anaeli akarudi kuivuta kwa sababu si mali yake, na mti ukageuka. Alikufa ameishikilia. Mtu mmoja akasema vidole vyake vilibidi vifunguliwe kimoja kimoja.

Baba alifungua mashine siku hiyohiyo. Aliigeuza silinda kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu. Aliniita kama alivyoniita siku zote akitaka kunifundisha, akanionyesha. Michirizi ilikuwa mingi na mirefu kuliko yote niliyowahi kuona, na ilijaa upande mmoja, upande moshi unakotokea. "Petroli kavu, mama," alisema. Alikuwa akiniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Vumbi lingekwaruza upande wa kabureta. Hii imekoseshwa oili." Kisha akakumbuka nani alikuwa akichanganya petroli, nikamwona uso umebadilika, akaiweka silinda juu ya meza taratibu.

Kesho yake Mzee Eliakimu akarudi. Walizungumza nje, karibu na pikapu, nami sikusikia neno. Niliona tu baba akitazama chini na kuchora mchanga kwa ncha ya kiatu. Aliporudi ndani sauti yake haikuwa yake. Alisema silinda iwe safi kabisa kabla ya Jumamosi, pasibaki alama. Mzee naye akaomba apewe pistoni ya zamani, iliyojaa michirizi ileile. Hakuna mteja aliyewahi kuomba pistoni iliyokufa. Aliifunga kwenye leso yake, akaitia mfukoni, akaniuliza nasoma darasa la ngapi.

Basi nikaanza kusugua, na hapa ndipo pananitesa hadi leo. Kostiki ilikuwa imetoa nyama nyingi, lakini mikwaruzo mingine ilikuwa imeingia kwenye ukuta wenyewe. Nikapitisha ukucha kama kawaida, ukakwama. Nikaujaribu kwenye mstari wa pili, ukakwama, na wa tatu. Ukucha wangu ulikaa humo sawasawa, ukapita kutoka juu hadi chini bila kuyumba. Nikakaa nikifikiri. Alikufa ameishikilia. Vidole vilifunguliwa kimoja kimoja. Mtoto akili yake haina breki, jamani. Nikajua, kwa uhakika ule wa miaka tisa ambao hauna wa kuuliza, kwamba mistari ile ni kucha za Anaeli. Kwamba mti ulipomwangukia, alivutwa ndani ya mashine aliyoishika, akakwaruza kutafuta njia ya kutokea, na njia ikawa hakuna.

Ningemuuliza baba. Siku nyingine zote ningemuuliza. Lakini wiki ile baba hakuulizika, alikuwa akizunguka banda akifokea vyombo. Kwa hiyo nilisugua. Nilisugua siku tatu, baada ya shule mpaka magharibi, nikifuta mstari mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja uliofutika nilimwomba msamaha moyoni. Nilimwambia, shikamoo Anaeli, si mimi, nimetumwa. Nilikuwa na hakika ananisikia, maana hapakuwa na umbali kati yetu. Kidole changu kilikuwa humo alimo.

Ijumaa mke wa Anaeli alikuja. Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine amemshika gauni, na mkungu wa ndizi kichwani aliotembea nao tangu stendi. Aliutua mlangoni akamwamkia baba, akasema hakuja kusumbua, amekuja kuuliza neno moja tu. Mzee Eliakimu anawaambia watu kuwa Anaeli hakusafisha chujio, mashine ikapaliwa na vumbi ikazima mtini, kwa hiyo alijiua kwa uvivu wake na mashine ya watu akaiharibu. Na wazee watakaa Jumapili waamue. Kama kosa ni la mwenye mashine, ukoo wake utawabeba watoto wa marehemu mpaka wakue, ndiyo mila. Kama kosa ni la marehemu, hakuna wa kuwabeba, na jina la mvivu litawafuata. Akauliza, "Baba yangu, wewe uliyefungua, umeona nini ndani?"

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Mama, mimi nimekabidhiwa mashine niitengeneze," alisema. "Hayo mengine sina." Yule mama akatingisha kichwa polepole. Alitazama silinda mapajani mwangu, akatazama vidole vyangu vyeusi, halafu akatazama uso wangu. Sikuweza kumwangalia. Mumewe alikuwa mikononi mwangu na nilikuwa nimebakiza mstari mmoja.

Jumamosi baba aliifunga, pistoni mpya, ringi mpya, akaisimamisha uwanjani na kuvuta kamba. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikaitika, ikapiga yowe lile la chenso ambalo nilikuwa nimelisikia mara mia moja na kulipenda. Safari hii nilijikojolea pale pale kwenye kigoda. Mama alinibeba ndani, akasema nina homa, akanipa chai ya tangawizi. Sikumwambia kuwa nimemsikia Anaeli.

Jumapili pikapu ilikuja kutuchukua. Wazee walikuwa wametuma watu kwamba wote walioigusa mashine wafike, na baba hakuweza kunificha kwa sababu mlima mzima ulikuwa unanijua kwa vidole vyangu. Kikao kilikuwa nyumbani kwa mshili, mkuu wa ukoo, baada ya ibada, watu wakiwa bado na nguo za kanisani. Sisi ndio tuliokuwa wageni, Waislamu wawili kwenye benchi la pembeni, na tulipewa maziwa. Chenso ililetwa ikawekwa katikati juu ya gunia, imepakwa mafuta, inang'aa.

Mzee Eliakimu akasema yake, kwa upole, akimsikitikia marehemu. Mke wa Anaeli akasema yake, kwamba petroli ilikuwa kavu, na mumewe aliwahi kulalamika. Mshili akamuuliza baba. Baba alisimama, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema amebadilisha pistoni na ringi kwa sababu zilikuwa zimechoka. Mshili akauliza kama ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo, maana mmoja wa wapasua mbao alikuwa amewaeleza kuwa petroli kavu haikosi kuacha mikwaruzo. Baba akajibu kuwa ukuta hakuushughulikia yeye, aliushughulikia binti yake.

Aliyefuata kusema hakuwa Mzee Eliakimu, wala mshili. Alikuwa yeye, mjane.

"Basi muulizeni mtoto," alisema. "Watu wazima wana mambo yao. Mtoto hana sababu ya kusema uongo."

Nilisimamishwa. Mshili alikuwa mzee mpole, aliniita mjukuu wake, akaniambia nisiogope. "Ulikuta mikwaruzo humo ndani?"

Ndugu zangu, nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nilimtazama yule mama, na nilichokiona ni mtu anayetaka kuniuliza mumewe yuko wapi. Nikisema ilikuwepo, wataniuliza imeenda wapi. Nitasema nimeifuta. Nitasema nimesugua kucha za mumewe siku tatu mpaka hakubaki hata mstari mmoja, na sasa hata mkifungua hamtamwona. Nilimgeukia baba anisaidie. Baba alikuwa akitazama maziwa yake.

"Hapana, babu," nilisema. "Ilikuwa safi."

Mjane hakulia. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, halafu akakaa chini na kumpakata mwanawe. Kikao hakikuchukua muda baada ya hapo.

Njiani kurudi baba hakunishukuru wala kunigombeza. Tangu siku hiyo hakunipa tena silinda. Aliajiri kijana mwenye mikono myembamba, na chenso za mlima wote zikaja kwetu, tukaezeka nyumba upya. Niliamini ananitenga na kazi ile kwa kuwa naye anajua Anaeli yumo kwenye vidole vyangu. Kwa miaka mingi sikuweza kukata kucha zangu mwenyewe. Dada zangu walinikatia wakinicheka, wakiniita malkia.

Nilikuwa mama wa watoto wawili siku pikipiki ya mume wangu ilipokufa barabarani. Fundi, kijana wa mtaa wa Sokon One asiyenijua, aliifungua injini akaniita nichungulie. "Dada, mmeiendesha bila oili," alisema, akanionyesha mistari ukutani. Niliitazama. Sikuhitaji kupitisha ukucha. Niliomba kiti nikakaa, na yule kijana akanunua maji baridi akanimwagia kichwani, akidhani ni jua.

Jioni hiyo nilikwenda kwa baba. Nilimkuta anakunywa uji, nikamwambia nimekumbuka silinda ya Anaeli, nikamwambia ilikuwa na mikwaruzo upande wa moshi na yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Hakukataa. Alikoroga uji wake, akaupuliza.

"Si wewe uliyesema ilikuwa safi?" aliniuliza.

Nilimchukia kwa sentensi hiyo, Mungu anisamehe, na nilimpikia na kumwogesha mpaka mwisho wake nikiwa bado namchukia, na nikimpenda. Hatukuizungumza tena. Nilijua kuwa akiwa hai sitapanda mlima kumvua nguo mbele ya watu. Niliisubiri siku ya kuwa huru, na siku yenyewe ilikuwa ya kumzika.

Arobaini ilipokwisha, nikapanda. Nyumba ya mjane nilielekezwa na kila niliyemuuliza. Nilimkuta anamenya ndizi barazani, mzee sasa, mgongo umepinda, macho bado yaleyale. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti bila kujua mimi ni nani. Nilimwambia. Nilimwambia yote kwa mpigo, nikiogopa kwamba nikipumua nitanyamaza: mikwaruzo ilikuwepo, upande wa moshi, petroli ilikuwa kavu, Anaeli hakuwa mvivu, chujio lake lilikuwa safi kuliko sahani zetu. Nilimwambia na habari ya kucha, na kwa nini niliogopa. Kisu chake kilisimama juu ya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafumba macho, na midomo yake ikataja jina la mumewe mara mbili.

Nilimwomba msamaha. Nilisema pia kwamba nikipewa ruhusa nitakwenda kwa Mzee Eliakimu, nimwambie usoni. Akasema tumechelewa, alizikwa mwaka juzi, mazishi makubwa. Kisha akaweka kisu chini, akanyoosha mkono kuelekea uzio wa boma, kwenye yale majani marefu ya kijani wanayoyapanda watu wa huko kuzunguka makwao.

"Lile ni sale," alisema. "Kwetu ukimkosea mtu unalichuma, unampelekea kuomba radhi. Akipelekewa sale, hana ruhusa ya kukataa. Baada ya kikao kile wazee waliniambia niende kwa Eliakimu na sale, nimwombee marehemu radhi kwa mashine aliyoiharibu. Nilikwenda na wanangu wote wawili. Nilipiga magoti sebuleni kwake, nao wakapiga magoti."

Nilimuuliza yule mzee alisema nini.

"Hakusema kitu, mwanangu. Alilipokea."